Bili ya Maji

Twaliingia stooni, Shimanzi, saa za jua,
tairi hadi darini, harufu yazidi pua,
Lobo gitaa begani, mbili nyuzi zapungua,
Nyamvula kaweka ndani —

Hapana.
Nyamvula hakuweka kitu ndani.
Na nikiendelea hivi, kwa mizani ya babu zangu,
nitakuwa nimekwisha kudanganya kabla ya ubeti wa pili.

Flashi ilitoka kwa baharia Mfilipino
aliyemlipa Lobo kwa kumtengenezea simu.
Ndani yake bendi arubaini na moja,
magitaa yenye meno, ngoma zinazojikwaa makusudi,
mtu ananong'ona, ananong'ona,
kisha ukuta mzima unaporomoka.
Fugazi, Lobo alisoma. Chengo akauliza:
fuga nini? Kuku au hasira?
Wengine walijiita Refused. Hilo tulilielewa,
tulikuwa nalo kwa muhuri mwekundu
juu ya barua zetu za kuomba kazi bandarini.

Hatukujua kwamba mtindo huo una jina.
Chengo aliuita ule wa kugombana na kupatana.
Sisi wenyewe tukajiita Kutu.
Mimi nilipiga besi. Hakuna amkumbukaye mpiga besi,
na ndiye huyu anayeandika. Basi vumilieni.

Maneno hatukuwa nayo. Kila tulichotunga
kilitoka na machozi, na ewe muhibu njoo.
Siku moja Nyamvula alichomoa karatasi kwenye sidiria,
bili ya maji ya nyumba yao, Mikindani,
maji ambayo mfereji haukuyatoa tangu Rajabu,
akaisoma. Polepole kwanza, kama karani:
Nambari ya akaunti.
Usomaji wa mita uliopita.
Usomaji wa mita wa sasa.
Chengo akaingia na fimbo zake.
Malimbikizo, akasema Nyamvula.
Malimbikizo,
na pale kwenye *zo* koo likafunguka
kama lori linavyomwaga changarawe,
hata mlinzi wa matangi ya mafuta akaja mbio na rungu
akidhani mtu anauawa.
Alimkuta msichana wa miaka kumi na tisa
juu ya tairi la trela,
anadaiwa shilingi elfu nne mia sita na tisini.
Mlinzi akakaa. Akaomba irudiwe.

Mbele za watu tulipiga mara moja tu,
ukumbini Tononoka, watu ishirini na watatu,
saba kati yao walikuja kwa kikao cha harusi
wakakosea siku.
Wimbo wa pili, stima ikakatika.
Besi yangu ikawa ubao wenye nyaya.
Lobo akatukana kwa Kikonkani cha nyanyake.
Lakini ngoma haina plagi, wala koo:
gizani Nyamvula aliisoma bili bila kuiona,
aliijua kwa ghibu, hadi tarehe ya mwisho ya kulipa,
hadi lile onyo dogo la chini lisilosomwa na mtu.
Mama mmoja wa kikao cha harusi akajibu: *Malimbikizo!*
Kisha wenziwe.
Kisha viti.

Chengo sasa yuko Doha, analinda duka la manukato.
Lobo aliuza gitaa, akanunua friji, akalijutia friji.
Nyamvula anafundisha darasa la tatu, Jomvu Kuu,
daktari amemkataza kupaza sauti,
watoto humtii kwa kutazamwa.
Tulikutana Ijumaa iliyopita mbele ya duka la unga,
tukasemezana bei, tukasemezana joto.
Sikumuuliza kuhusu mfereji. Aliniambia mwenyewe:
bili hazijawahi kukosa kutoka.

Mimi ile kazi niliipata, mwishowe.
Naendesha kreni zamu ya usiku,
na kontena likigusa sitaha hupiga
du. Du-du. Du.
Nahesabu nne.
Nasubiri aingie.
Huingia kontena jingine.